Theluji Isiyopakwa Rangi

Picha ya mjukuu wangu ilifika kutoka Minneapolis, nami nikaipeleka kwa fundi wa fremu hapa Adams Arcade. Imechorwa kwa rangi za maji: koti jekundu, miti iliyopukutika majani, theluji hadi magotini. Fundi akaiinamisha kwenye mwanga, akanionyesha kwamba theluji haikupakwa chochote. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Mchoraji ametia buluu hafifu kwenye vivuli tu.

Tangu hapo namuwaza Ngai, Mungu wetu. Wazee wetu wa Kikuyu waliomba wakielekea Mlima Kirinyaga, makao yake, wala hawakumchongea sanamu. Mmisionari Ludwig Krapf alipouona mlima huo na theluji yake kutoka Kitui mwaka 1849, wapo wasomi Ulaya waliobisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Je, kisichochorwa hakipo? Mimi nasema kipo, tena ndicho kinachombeba mtoto. Ondoa weupe ule, koti litaelea hewani. Ndiyo maana simkubalii mwanangu, baba yake mtoto, aniambiapo kwa simu kwamba Mungu angekuwepo angeonekana.