Tone Kutoka Rutovu

Asubuhi hii hapa Bujumbura, Ziwa Tanganyika likiwa limetulia, nawafikiria wapenzi wawili waliotembea bara lisilo lao: Samuel Baker na Florence. Waliondoka Cairo mwaka 1861 kutafuta chanzo cha Nili.

Florence aliwahi kupandishwa mnadani kama mtumwa, katika mji wa Vidin. Njiani Sudan wakalazimika kufuatana na misafara ya wauza watumwa. Aliitazamaje minyororo ile? Swali hilo halinitoki.

Kabla ya kulifikia ziwa walilokuwa wakilitafuta, jua lilimwangusha Florence. Siku kadhaa alibebwa kwa machela, hana fahamu, na wenzake wakajiandaa kumchimbia kaburi. Akazinduka. Tarehe 14 Machi 1864 aliteremka hadi ukingoni, akiegemea bega la Samuel.

Samuel akaliita ziwa Albert. Wanyoro walikuwa wakiliita Mwitanzige tangu zamani, na mimi naliita hivyo.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Chemchemi ya Rutovu, kule Bururi, humimina maji yake mto Ruvubu, kisha mto Kagera, kisha Ziwa Viktoria, hadi Mwitanzige. Siku ile Samuel alikunywa kwa kiu kubwa. Huenda kinywani mwake lilikuwamo tone la milima yetu.