Je, Msamaha Wadaiwa kwa Aliyejeruhiwa?

Iko dhambi ambayo watu huiogopa hata kuitaja, nayo ni hii: padre au mchungaji kumtenda uovu wa mwili mtoto au mwanamke aliyewekwa chini ya ulinzi wake. Habari ikijulikana, mara nyingi wazee humwendea kwanza aliyeumizwa na kumwambia, "Samehe, unyamaze, Kanisa lisiaibike." Je, neno hilo ni haki?

Sisi wa bonde la Kilombero twamjua mamba. Akimkamata mtu kivukoni, hakuna mzee asemaye, "Nyamazeni, watu wasije wakauogopa mto." Watu huonyana, na watoto huzuiwa wasiteremke majini.

Tazameni yaliyotokea Kenya. Mwaka 2009 Askofu Cornelius Schilder wa Ngong aliacha kiti chake, ikasemwa ni kwa sababu ya afya. Mwaka 2011 ndipo ilipojulikana hadharani kwamba alizuiwa kazi ya uchungaji kwa mashitaka ya kumdhulumu kijana. Katika muda ule wa kimya, waumini wangewezaje kumfariji mtu kwa jambo wasiloambiwa?

Kidonda hiki kina uchungu wa peke yake. Aliyeumizwa na mnyang'anyi hukimbilia kanisani; bali aliyeumizwa na mtumishi wa altare atakimbilia wapi? Sala yenyewe yaweza kumkumbusha mkono ule. Asipoonekana kanisani, tusimhesabu kuwa mwasi.

Mganga wa hospitali hafungi kidonda kabla ya kukisafisha, maana usaha hubaki ndani. Vivyo hivyo msamaha ni mwema, lakini hautozwi kama kodi. Huja kwa neema, pengine baada ya miaka mingi, wala haumwondolei mkosaji hukumu ya baraza.

Yatupasa nini basi? Kwanza, tumsikilize bila kumwuliza kwa nini alikawia kusema. Pili, tupeleke habari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yamwagiza kila ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa aiarifu serikali ya mahali pake. Na amri ya Papa Fransisko ya mwaka 2019 yakataza kumfunga kinywa mleta habari. Tatu, tusimwache peke yake: tumtembelee, tulime naye, tule naye.

Na siku atakapotaka mwenyewe kusali tena pamoja nasi, na akute watu waliomsadiki.