Naenda Kutembea

Jumamosi moja ya Julai, kabla jua halijachomoza, nilipanda matatu ya Kitale mjini Bungoma nikiwa na chupa ya chai, nusu mkate na koti ambalo mke wangu aliapa kuwa halitanitosha. Kweli halikunitosha. Bungoma unaweza kuipuuza baridi ya mwezi wa saba. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, haikubali kupuuzwa. Makanga alipofungua mlango, pumzi zetu zilitoka kama moshi wa jikoni.

Nikapanda gari jingine la kuelekea Kapenguria, nikashuka njia panda na kumwita kijana wa bodaboda.

"Mzee, unaenda kwa nani?"

"Nipeleke Saiwa."

"Kuna kazi huko?"

"Naenda kutembea tu."

"Sawa, lakini kwa nani?"

Hapo Kiswahili chetu kikanibana. Kwetu kutembea ni kwenda kwa mtu: kuna mwenyeji, kuna chai, ukibahatika kuna kuku anayekimbizwa nyuma ya nyumba. Anayezunguka peke yake bila jembe, bila mzigo na bila mwenyeji ana mawazo, au anakimbia deni. Na siku hizi kwenda kwa miguu kumekuwa tangazo la kukosa nauli. Sijitoi: kutoka kwangu hadi sokoni ni mwendo wa dakika kumi, na bado huita bodaboda. Nikamwambia kijana naenda kwa nzohe. Akacheka, akawasha pikipiki.

Huyo nzohe, swala wa kwenye vinamasi, ndiye aliyefanya Saiwa itangazwe hifadhi ya taifa mwaka 1974. Ndiyo ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita tatu za mraba, mashamba yakiizunguka hata unawasikia majogoo ukiwa ndani. Lakini ina utaratibu ambao ningependa uenee: gari haliingii. Aje mheshimiwa na msafara wake, atashuka akanyage udongo kama mimi.

Njia inafuata ukingo wa kinamasi chini ya miti mikubwa, mara ardhini, mara juu ya mbao zilizotandazwa majini kati ya matete na mikindu. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, upumbavu wangu mwenyewe, na kwenye ubao wa tatu au wa nne niliteleza nikakaa kitako. Matope yakaingia hadi soksi. Hakukuwa na wa kunicheka wala wa kunipa pole, na nilishangaa jinsi maumivu yanavyopoa haraka yasipopata wa kuyasikiliza.

Mitini alipita kima wa ndevu nyeupe, mwenye sura ya mzee wa baraza aliyeamshwa mapema. Nikapanda jukwaa la mbao na kumimina chai. Ikapita nusu saa, kisha saa nzima. Mkono ulienda mfukoni kutafuta simu mara nyingi kiasi cha kunitia aibu.

Ndipo nikagundua kuwa kile nilichokidhania kisiki kilikuwa na masikio. Nzohe jike, maji yakimfika tumboni, manyoya yamelowa yakawa rangi ya majani makavu. Alitafuna, akaacha, akasikiliza, akatafuna tena. Alipoinua mguu niliona kwato: ndefu, zimepanuka kama vidole viwili, zimeumbwa kwa matope yaleyale yaliyonishinda mimi. Akihofu, hujizamisha na kubakiza pua tu. Mimi hakunihofu. Nadhani alikuwa ameniona tangu nilipoanguka.

Nikiwa jukwaani niliona pia mahindi yakitoa mbelewele, na nyuma yake mstari wa blugamu. Mti huo hunywa maji bila huruma, na kuupanda kando ya kinamasi ni kumkaribisha mlevi kwenye mtungi. Sisemi mkulima ni mbaya. Karo ya watoto hailipwi kwa matete. Lakini maji ya Saiwa huishia Mto Nzoia, na Nzoia ndio unaopita Webuye na kuanguka pale Nabuyole. Miaka yote nimevuka daraja lake nikiwa dirishani, nikiudhani mto wa kwetu. Kumbe kwao ni huku, kwenye baridi, kwa huyu nzohe asiyejua kuogelea kwa kelele.

Mvua ya alasiri ilinikuta langoni. Kijana wa bodaboda alikuwa amejibanza chini ya paa, akatazama viatu vyangu.

"Mzee, umewakuta?"

"Nimemkuta mmoja."

"Amekupa chai?"

Nikamwonyesha chupa, bado ilikuwa na kikombe kimoja. Tukagawana. Aliniambia amezaliwa kilomita mbili kutoka pale na hajawahi kuingia.

Ukienda, nenda asubuhi, uvae gambuti.