Ukungu na Sifa ya Msanii

Je, msanii anastahili sifa kwa jambo ambalo hakulichagua? Swali hili linazushwa na Silent Hill, mchezo wa video wa kutisha uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1999. Ndani yake Harry Mason anamtafuta bintiye, Cheryl, katika mji uliogubikwa na ukungu. Ukungu huo ulisaidia kuficha udhaifu wa mashine ya PlayStation, ambayo haikumudu kuchora mandhari ya mbali.

Yupo atakayedai kuwa hapo hapana sanaa, pana dharura tu. Dai hilo halina mashiko. Mtunzi wa utenzi naye hubanwa na mizani nane na vina, hata akalazimika kufupisha neno au kulirefusha. Walakini mhakiki hamnyimi sifa kwa sababu hiyo. Kinachopimwa ni namna alivyoukabili mbano wenyewe. Waundaji wa Silent Hill walimpa Harry redio ndogo inayotoa mikwaruzo kila zimwi linapokaribia. Hivyo sikio hutangulia jicho, na kutoona kukawa sehemu ya maudhui: mzazi anatafuta asichokiona.

Mwaka 2012 sehemu ya pili ya mchezo huo ilipotolewa upya kwa mashine zenye nguvu zaidi, ukungu ulipungua, kingo za mji zikafichuka, na wachezaji wengi wakalalamika kuwa hofu imepwaya.

Kwa hiyo, si lazima msanii awe ameuchagua mpaka wake ili asifiwe au alaumiwe. Yatosha kwamba alichokifanya ndani ya mpaka huo ni chake.