Kondoo Asiyekuwa Kondoo

Jina la Woolwich, kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames jijini London, hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni mahali palipouzwa sufu. Kwa jina hilo, mji ni wa kondoo. Ardhi yake ina habari nyingine. Kutoka hapo kuelekea mashariki, chini ya matope ya mto, kuna tabaka la mboji ya kale. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba karibu na gereza la Belmarsh wachimbuzi wamekuta humo njia ya mbao yenye umri wa takriban miaka 6,000. Walioitandika waliishi nchi moja na ng'ombe-mwitu, Bos primigenius, ambaye mifupa yake ya enzi za mbali zaidi ilifukuliwa Ilford, ng'ambo ya mto, katika mashimo ya udongo wa matofali.

Fuvu la mnyama huyo lina paji refu na bapa. Mfupa wa paji umesonga nyuma hadi ukaitwaa karibu sehemu yote ya juu ya kichwa, na pembe zimechipuka kisogoni, zikatoka nje, zikageukia mbele, kisha zikajikunja ndani na juu. Walakini anayesema "pembe" mbele ya fuvu anasema zaidi ya anachokiona. Kilichobaki ni mfupa wa ndani tu. Ganda lililoufunika, lile aliloliogopa mwindaji, aghalabu huoza likatoweka. Kila fuvu, basi, ni pungufu ya kichwa kilichokuwa hai. Tena jike wa mwituni alikuwa na pembe nyembamba kuliko dume, na vipimo vyake huweza kulingana na vya fahali mkubwa wa kufugwa, hata mfupa mmoja ukawekwa zizini au mwituni kwa rai ya mpimaji. Ng'ombe-mwitu wa mwisho kujulikana, naye alikuwa jike, alikufa Jaktorów, Poland, mwaka 1627.

Je, anayempa jina kiumbe asiyeweza kujibu anawajibika kwa nani? Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na wengi wangeliishia hapo. Lakini kuna kisa cha Tanzania kinacholikoroga jibu hilo.

Mwaka 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, Hans Reck alichimba katika bonde ambalo wenzake waliliandika Oldoway. Mwaka 1928, akiongozwa na mabaki yenye mifupa mirefu ya pembe, alitangaza mnyama mpya: Pelorovis oldowayensis, yaani kondoo wa kutisha wa Oldoway. Hakuwa kondoo. Mwaka 1967, London, Alan Gentry alichapisha uchunguzi uliomweka mnyama huyo mahali pake, katika jamii ya ng'ombe na nyati. Wapo waliokwenda mbali zaidi: mwaka 2010, fuvu la Buia, Eritrea, lilitumika kutoa hoja kwamba ng'ombe wenyewe ni wa ukoo wake. Jina, hata hivyo, lilibaki. Kanuni za elimu ya wanyama haziruhusu jina lifutwe kwa sababu tu maana yake haifai.

Kanuni hiyo ina busara kuliko inavyodhaniwa. Jina ni kigingi cha kufungia kamba. Mswahili humwita mwanawe Tabu au Shida, wala hakuna anayemtazamia mtoto huyo awe balaa. Nyati aliyekufa zamani kabla ya sufu kufumwa hadhuriki kwa kuitwa kondoo, na Reck hakutenda dhambi kwa kukosea. Alikosea kwa uwazi, akiacha mifupa ambayo mwingine aliweza kuipima upya.

Nusu ya pili ya jina ndiyo nzito. Bonde hilo Wamaasai huliita Oldupai, kwa jina la mkonge-pori, na wao hawakutoweka kama ng'ombe wa Jaktorów. Kosa la kondoo lilihitaji msomi, maktaba na mafuvu ya kulinganisha. Kosa la Oldoway lilihitaji kumuuliza mchungaji mara ya pili. La kwanza ni upungufu wa ushahidi. La pili ni upungufu wa masikio, na kuyaweka yote mawili katika fungu moja la "makosa ya kihistoria" ni kumsamehe mtu deni asilolikiri.

Si lazima jina la kisayansi libadilishwe. Lakini kibandiko cha makumbusho kina nafasi ya mstari mmoja zaidi, na mzazi wa Kimaasai aishiye Woolwich, akimpeleka mwanawe katikati ya jiji kutazama mifupa ya kwao, ana haki ya kuukuta mstari huo umeandikwa Oldupai. Mkonge wenyewe ungali unaota kwenye kingo za bonde.