Nuru na Uso

Jua humlisha mkulima, kisha humdai uso wake. Juu ya ngozi nyeupe, miaka huacha makunyanzi, mabaka na magamba makavu. Na gamba moja laweza kugeuka saratani. Ajabu ni kwamba nuru, iliyojeruhi, yaweza pia kuponya. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa nuru. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka juu ya magamba hayo: seli mbovu huikusanya, na zikimulikwa mwanga wa buluu hufa.

Lakini wenye fedha huitafuta nuru pia ili kufuta umri usoni. Je, ni haki? Kupenda uzuri si dhambi. Hata hivyo kunyanzi ni kumbukumbu, gamba ni hatari. La kwanza laweza kungoja, la pili haliwezi. Nchini Tanzania wako watu wenye ualbino, walioungua tangu utotoni, wasio na hata mafuta ya kinga. Ulimwengu unaolainisha nyuso za wachache kabla ya kuokoa nyuso za wahitaji una nuru mkononi na giza moyoni.