Kazi ya Mungu na Kazi ya Kisu

Hapa Garsen, mtu akifia thieta au akirudi nyumbani na kidonda kisichofunga, wanaokuja kutoa pole husema neno moja, wawe wa msikitini au wa kanisani: kazi ya Mungu haina makosa. Mimi ni mwalimu wa dini, na neno hilo nimelisema kwenye matanga mengi. Nalisadiki. Ila kazi ya Mungu ndiyo isiyo na makosa. Ya mwanadamu inayo. Anayelitumia neno hilo kufunika kosa la mtu aliyeshika kisu anamsingizia Mungu jambo lisilo lake.

Nasema haya kwa sababu ya binti wa shangazi yangu. Alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto akatoka salama, mama akarudi kijijini. Kisha homa ikaanza, tumbo likajaa, na kila alipopelekwa akapewa dawa za maumivu na kuambiwa mshono huchukua muda kupona. Alipokuja kufunguliwa tena, mbali na hapa, ndani kilitolewa kipande cha shashi kilichosahauliwa. Shangazi alionyeshwa kwenye beseni: kimekunjamana, rangi imekuwa ya majani makavu, na kwa harufu ile hakuweza kusimama pale, akatoka nje. Binti alipona, lakini kizazi kilikuwa kimeondolewa.

Nilipotaja kulalamika, baba mkwe wake alikataa kwa upole. "Mwalimu, si wewe unayetufundisha kuridhika na kadari? Leo watwambia twende kortini tushindane nayo?"

Ni swali la haki, na jibu lake limo ndani ya Qur'ani yenyewe. Aya ya 92 ya Suratun Nisaa inamzungumzia aliyemuua muumini bila kukusudia. Haimwiti muuaji wa makusudi. Lakini pia haimwachi aende zake kwa hoja kwamba ajali ya marehemu ilikuwa imeandikwa. Inamtwika diya, yaani fidia ya damu, ikabidhiwe kwa wafiwa, na kafara juu yake, kisha inawaachia wafiwa mlango wa kusamehe wakipenda. Kifo kimeandikwa, na deni nalo limeandikwa. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, alimbebesha dhamana anayewatibu watu na hali hajulikani kwa utabibu. Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi na tabibu kwa pamoja, alijadili dhamana ya tabibu aliyekosea. Hakuna kati yao aliyeona kwamba kuuliza ni kuikana kadari. Na ndugu zetu Wakristo wa Ngao na Golbanti wanayo sura ya 35 ya kitabu cha Hesabu: aliyeua bila kukusudia alipewa mji wa kukimbilia, ila ilibidi asimame mbele ya mkutano asikizwe.

Sisi wa Mto Tana tunalijua jambo hili hata bila vitabu. Mto ukifurika na kubeba mpunga na maembe, tunasema mvua ni ya Mungu. Lakini maji yakitoka kwenye mabwawa ya juu, Masinga na Kiambere, tunauliza kama tulionywa mapema, na hakuna sheikh anayetwambia tumekufuru.

Kitu kilichonisumbua zaidi kuliko kadari ni msamaha. Mzee yule, baba mkwe, alisema familia imeshasamehe. Nikauliza: mwenyewe ameulizwa? Hakuwa ameulizwa. Mume alikuwa amesamehe, mzee alikuwa amesamehe, na aliyepasuliwa alikuwa jikoni. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Hauna wakili wala wasii maadamu mwenyewe yu hai na ana akili timamu. Tena mtu hawezi kusamehe asichoambiwa. Tulipomwita, hakutaja pesa. Alisema, "Nataka waniambie, walihesabu au hawakuhesabu?"

Hakujua kwamba amegusa kiini cha jambo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kila upasuaji, na mojawapo ni hilo: kabla mgonjwa hajatolewa thieta, muuguzi athibitishe kwa sauti kwamba vyombo, shashi na sindano vimehesabiwa na vimetimia. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu wa kuhesabu na mtu wa kujibu. Wakati mwingine hata jina tu halihakikishwi. Katika hospitali ya Muhimbili, Tanzania, mwaka 2007, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Hospitali Kuu ya Kenyatta mapema 2018, fuvu lilifunguliwa la mtu ambaye hakuwa na damu iliyoganda humo. Tunayajua haya kwa kuwa yalisemwa.

Wako wanaoniambia: tukiwashtaki madaktari, nani atakubali kuja Tana River? Hofu hii naiheshimu. Wanaofanya kazi huku ni wachache, wanachoka, na wengi wametuokolea watoto. Lakini tazama hekima ya fiqhi. Diya ya kuua kwa kosa haikuachiwa mkosaji peke yake aangamie nayo. Iliwekwa juu ya aqila, jamaa zake, wachangie. Waorma na majirani zao Wasomali wanaufahamu utaratibu huo vizuri. Sheria ya Kenya nayo imefika hapo kwa njia yake, kwani mwajiri hujibu kwa kosa la mwajiriwa wake kazini. Anayedaiwa kwanza ni hospitali au serikali ya kaunti, na hao ndio wenye uwezo wa kununua taa isiyozima na kuongeza muuguzi wa usiku.

Njia zenyewe ni hizi. Omba nakala ya faili lote kwa maandishi; Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya habari. Daktari hulalamikiwa kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kwa barua, na huhitaji wakili. Maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao, kwa hiyo uliza aliyekushughulikia alikuwa nani. Baraza linaweza kumwonya au kumsimamisha mhusika. Fidia hutafutwa mahakamani, ambako utahitaji ripoti ya daktari mwingine. Mahakama ya Kadhi haina uwezo wa kesi hii, maana Katiba imeiwekea mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Mahakama Kuu ipo hapa hapa Garsen.

Na kuna muda wa kushtaki. Hospitali binafsi au ya misheni, miaka 3. Serikali, miezi 12 tu. Aliyegundua baadaye, kama huyu wetu, anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kushtaki nje ya muda, lakini ombi huweza kukataliwa. Na mgonjwa akiwa amefariki, mjane wake wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, zaidi ya theluthi ya miezi hiyo 12, na sheria haimsubiri. Eda haimzuii kutoka mchana kwa dharura, na kutia sahihi barua ya kuomba faili ni dharura.

Binti wa shangazi ameandika barua yake kwa mkono wake, na baba mkwe ndiye aliyeipeleka posta. Nawaomba maimamu na wachungaji wenzangu: mnapokaa na wafiwa au na mgonjwa aliyeumizwa, waombeeni subira, kisha waulizeni tarehe ya upasuaji na muwahesabie miezi 12.